Kidole cha Mwisho

Ngazi za jengo hili ni tisini na nne.
Nazijua kwa sababu ni kazi yangu kuzipanda,
kazi, yaani, silipwi.
Huruma, ghorofa ya sita, mlango usio na namba.
Jirani alisema: "Pale kuna mtu. Nadhani."

Hiyo "nadhani" ndiyo iliyonipandisha.

Syombua wa Mutisya, anasema, nikifungua daftari.
Mwaka wa kuzaliwa? Mwaka wa nzige.
Nzige gani? Wale wa kwanza, si hawa wa juzi.
Naandika: nzige. Tarakimu tutazitafuta baadaye.

Magoti yaligoma tangu masika,
na tangu hapo Nairobi yake nzima ni dirisha:
nguo za jengo la mkabala,
kipande cha anga upana wa leso,
sauti ya mtoto anayeitwa kila jioni na haitiki.
Maji humfikia kwa mtungi, shilingi thelathini,
kumi za maji, ishirini za ngazi.

Swali la saba: Unaishi na nani?
Akautazama ukuta kana kwamba jibu limetundikwa pale.
"Andika redio."
Nikaandika redio.

Kitambulisho anacho, kwenye mkebe wa majani chai.
Jina lake ndilo halimo katika orodha ya pesa za wazee,
na ili liingie, sharti kidole kiguse mashine,
na mashine haipandi ngazi.

Basi Jumanne tukaja watatu:
mimi, na Jillo wa karakana, na Muthengi
ambaye ana mgongo wa kubeba saruji
na moyo mwepesi wa kulia, hataki ijulikane.
Tukaazima kanisani kiti cha plastiki.
"Polepole," akasema, "msinimwage kama uji."
Kwenye ghorofa ya tatu akaomba tusimame.
Si kwamba alichoka.
Alitaka kusalimu mlango wa mtu aliyekufa.

Ofisi ya chifu, saa nne, foleni hadi uani.
Bi. Nasieku wa ustawi wa jamii, miwani puani:
gumba. Mashine kimya.
Cha shahada. Kimya.
Mkono wa pili, hivyo hivyo.
Miaka arobaini ya kufua nguo za watu,
Ngara, Pangani, Parklands hadi lango la nyuma,
sabuni ya mche, brashi, maji ya alfajiri:
mistari ya vidole ilikwenda na povu.
"Mashine inasema haioni mtu."

"Iambie," akasema Syombua, "nilikuwa nikifua."

Hakucheka mtu.
Nasieku akafungua mkoba wake mwenyewe,
akatoa mafuta ya kujipaka, akamkanda kila kidole
taratibu, huku foleni ikinung'unika,
mpaka akafika kile kidogo,
kile ambacho hakikuwahi kuikaza brashi,
kilichokaa pembeni miaka yote
kama mtoto wa mwisho asiyetumwa dukani.

Tii, ikalia mashine.

Pesa? Labda mwezi wa tisa. Labda.
Kwa sasa kuna karatasi nyuma ya mlango:
Jillo, maji, Jumatatu na Ijumaa.
Muthengi, dawa za presha, kliniki, Alhamisi.
Mimi nimejiandika Jumapili, bila kazi maalumu.

Jumapili hiyo akanikazia macho yenye ukungu.
"Na wewe, daftari lako lina ukurasa wako?"
Nikacheka. Nikamweleza habari za diploma,
mwaka wa tatu sasa inalala chini ya godoro.
"Sikuuliza hayo. Lile swali lako la saba,
nakuuliza wewe."

Nikautazama ukuta.
Kulikuwa na msumari, basi.

Akaisogeza redio katikati yetu
na kuiongeza sauti.
Walikuwa wakisoma bei mpya ya unga.
Sote wawili tukaguna.